Kilo Ishirini za Kwenda Ulaya

Barua ilikuwa na kurasa tatu. Wa kwanza ulisema nimepata nafasi ya kusomea uuguzi katika hospitali moja Uingereza. Wa pili ulitaja siku ya kuripoti, na kwamba nikichelewa nafasi yangu itapewa msichana mwingine aliye kwenye orodha. Wa tatu ulikuwa mfupi, na ndio ulioninyima usingizi. Ulisema abiria anaruhusiwa mzigo wa kilo ishirini, na zaidi ya hapo hairuhusiwi.

Haikusema kwa nini hairuhusiwi. Kama ingesema, labda nisingeogopa vile.

Nilikuwa nimemaliza fomu ya nne mwaka uliotangulia, na fizikia nilipita vizuri, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Ndege ni chuma. Chuma kikiwa juu kinashikiliwa na hewa, na hewa ina kiasi chake cha kubeba. Basi kuna mtu mahali fulani amekaa na kalamu, nikawaza, akapiga hesabu: watu wangapi, mafuta kiasi gani, kilo ishirini kwa kila mtu, mwisho. Ukiongeza moja, hewa inashindwa. Hakuna mtu nyumbani angenikosoa, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona ndege ikiwa chini. Tulikuwa tunaiona juu tu, ndogo, ikipita, na watoto wakiipungia mkono.

Kwa hiyo tangu siku hiyo niliogopa vitu viwili. Niliogopa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mzigo. Na niliogopa kutorudishwa, nipande, halafu tuanguke wote kwa sababu yangu.

Baba alinisomesha ule ukurasa tena na tena. Yeye alikuwa mtu wa chai, shamba letu liko upande wa Nyamira, na pia alikuwa shemasi kanisani. Alipenda kitu kieleweke.

"Kilo ishirini ni kama gunia gani?" akauliza.

"Si gunia, Baba. Ni sanduku."

"Najua ni sanduku. Nauliza ni uzito kama wa nini."

Sikujua. Nikasema labda kama mtoto wa miaka sita. Mama akasema mtoto wa miaka sita ni mzito kuliko hivyo, kwani mimi nimebeba wangapi? Tukaacha.

Sasa, kwetu mtu akienda safari ya mbali hafungi mzigo peke yake. Anafungiwa. Habari ilipotoka tu kwamba nakwenda Ulaya, watu walianza kuja. Nyanya alikuja na unga wa wimbi aliosaga mwenyewe, amefunga kwenye kitambaa, na akasema unga wa dukani hauna nguvu na huko kuna baridi. Shangazi alitoka Mosocho na karanga za kukaanga na mkungu mzima wa ndizi. Jirani alileta chinsaga, ile mboga yetu chungu, ameikausha juani mpaka imekuwa kama majani ya chai. Kwaya ya kanisa walichanga wakanunua bakuli la jiwe, lile jiwe laini la kuchongwa, zuri kweli, limechorwa twiga pembeni. Hilo lilikuwa la kumpa mkubwa wa wauguzi.

Mimi sikuwa na subira. Nilisema wazi, "Mama, hii yote haiwezi kwenda. Jiwe! Nani anapanda ndege na jiwe?"

"Kwani utafika kwa watu mikono mitupu?"

"Wako na vitu vyao."

"Vyao ni vyao. Wewe ndiye mgeni. Utampa nini yule mama atakayekufungulia mlango?"

"Si nyumba, Mama. Ni hospitali."

"Hospitali haina mlango?"

Nilifanikiwa kukataa ndizi, na hata hizo kwa vita. Vingine vyote viliingia, na kila mtu alitaka kuweka chake kwa mkono wake, niwe nikimwona. Jioni nilianza kutoa kitu kimoja nikifikiri Mama yuko jikoni. Alinishika mkono.

"Usitoe," akasema, kwa sauti ya chini. "Ukitoa kitu cha mtu, umemwambia safari yako haimhusu. Na wewe unakwenda kupanda kitu cha kuruka. Utaruka ukiwa umeacha mtu nyuma na moyo wake umekukasirikia?"

Baba alikuwa pale na Biblia mkononi. Nikamtazama aseme kitu, maana kanisani alifundisha kwamba tusiogope mambo kama hayo. Aligeuza ukurasa. Hapo ndipo nilipojua hata yeye anaogopa, na mimi nikaogopa mara mbili.

Sanduku lilipojaa, Baba alisema tutalipima kesho yake pamoja na majani. Hakukuwa na mizani nyingine kijijini isipokuwa ile ya kituo cha kununulia chai, na niliona ni sawa. Mizani ni mizani.

Kituo chenyewe ni banda la mabati na meza ndefu. Wakulima wanapanga foleni na vikapu, karani anakagua majani kwa mkono, yale makubwa yaliyokomaa anayatupa chini, halafu yanatiwa kwenye gunia na kutundikwa kwenye mizani ya ndoano inayoning'inia kutoka juu. Uso wa mizani unaangalia upande wa karani. Sisi tunaona mgongo wake. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ile tangu utoto na sikuwahi kuona uso wa ile mizani hata siku moja.

Nilifika na sanduku kichwani. Unajua wanawake wa foleni.

"Majani ya nani hayo yamefungwa na kufuli?"

"Ni majani mawili na chipukizi, ya daraja la kwanza!"

"Karani, hayo usiyapokee bila kuyakagua, chini kuna makuukuu!"

Karani naye akaingia kwenye mzaha. "Msichana, fungua nione. Kama kuna yaliyokomaa natupa."

Watu wakacheka. Mimi nilijaribu kucheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ndoano.

Kwenye foleni ile alikuwepo kijana mmoja wa upande wa Nyaramba ambaye alikuja kumsaidia dada yake kuchuma. Wote walimwita Amerika. Miaka miwili nyuma alikuwa ameagwa kwa sherehe kubwa, watu wakaimba, akaenda Nairobi kupanda ndege ya Amerika, na baada ya siku tatu akaonekana sokoni. Hakuwahi kueleza. Watu walijieleza wenyewe, na katika maelezo yao yote kulikuwa na mzigo. Alinisogelea.

"Wewe utapimwa mara mbili," akaniambia. "Kwanza sanduku. Halafu uso."

"Uso?"

"Wanakuangalia. Wakiona unaogopa, wanajua kuna kitu. Wanakwambia ufungue. Ukishafungua, umekwisha."

"Wewe walikufungua?"

Kabla hajajibu mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Amerika! Mwambie mtoto wa watu ukweli! Ulirudi kwa sababu ya ndizi!"

"Haikuwa ndizi peke yake," akasema Amerika.

Watu walicheka mpaka mmoja akaweka kikapu chini. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama usoni, kama ananipima kweli, na nikaona macho yake yana huruma. Hiyo huruma ilinitisha kuliko maneno. Nikafikiri, mwaka ujao nitakuwa hapa na kikapu, na wataniita Ulaya.

Karani alitundika sanduku kwenye ndoano. Likazunguka kidogo. Akaangalia, akafunga jicho moja kama kawaida yake, akasema kwa sauti, "Ishirini!"

Ishirini kamili. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alishika kifua. Baba alimpa karani mkono, akautikisa, akautikisa tena, na hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu Baba na karani walikuwa hawaelewani. Kila jioni ya maisha yangu Baba alikuwa akirudi kutoka kituoni akilalamika: ile mizani inakula majani yangu, ile mizani ina meno. Siku hiyo hakulalamika. Alisema karani ni kijana mwenye bidii.

Nililala usingizi usiku huo, mara ya kwanza kwa wiki mbili.

Siku ya safari tuliondoka mimi na Baba. Mama hakwenda, nauli ilitosha watu wawili, na Nyanya naye alibaki kwenye kiti chake akisema hataki kuona mgongo wangu. Tulifika mji wa Kisii asubuhi jua likiwa tayari kali. Basi la Nairobi lilikuwa linapakia. Kondakta akasema bado nusu saa.

Sasa, kama tungekaa tu kwenye benchi, mambo yangekuwa mengine. Lakini Baba alikuwa na furaha, na furaha ya Baba inataka watu. Karibu na stendi kulikuwa na stoo ya mahindi, na ndani kulikuwa na mizani ya chini, ile ya kuweka gunia juu yake, uso wake mkubwa kama saa ya ukutani na kila mtu anauona. Baba akamsalimia mwenye stoo, akamweleza kwamba binti yake anakwenda Ulaya kusomea uuguzi, na kwamba mzigo wake ni kilo ishirini kamili, hakuna zaidi hakuna pungufu.

"Weka tuone," akasema mwenye stoo.

"Ni ishirini."

"Si uweke tu, mzee. Mizani hailipishwi."

Baba akaweka. Mshale ukaenda, ukapita ishirini, ukaenda kidogo tena, ukasimama.

"Ishirini na nne," akasema mwenye stoo.

"Toa gunia," Baba akasema.

"Gunia gani, mzee? Hii ni sanduku."

Baba akaliangalia sanduku. Nami nilielewa pale pale. Karani wa chai kila mara hutoa kilo mbili: ya gunia, na ya umande ulio kwenye majani. Hutoa kichwani kabla hajasema. Ameshafanya hivyo mara nyingi mpaka mkono wake na mdomo wake havijui kusema kingine. Alipotundika sanduku langu aliona ishirini na mbili, akatoa gunia ambalo halikuwepo na umande wa kwenye nguo, akasema ishirini. Na sisi, watu wote wa foleni ile, tuliozaliwa na kukua tukisikia hesabu ile, hakuna aliyeuliza. Mimi wa fizikia sikuuliza.

"Hiyo ni mbili," Baba akasema polepole. "Na zile mbili zingine?"

Uso wake ukabadilika. "Meno," akasema. "Si nilisema? Miaka yote! Nilisema ile mizani ina meno!" Akamshika mwenye stoo bega. "Umeona wewe mwenyewe. Wewe ni shahidi." Alikuwa amekasirika na amefurahi pamoja, na kwa dakika nzima alisahau kabisa kwamba zile kilo nne ni zangu na basi ni lile pale.

"Baba," nikasema. "Nitarudishwa."

Akageuka akaliangalia basi. Kondakta akapiga honi.

"Fungua," akasema. "Toa kilo nne."

Halafu wote wawili tukasimama kama miti.

Hapa lazima nieleze. Kwetu kuna heshima kati ya mzazi na mtoto, tunaiita chinsoni. Kuna vitu baba haoni vya binti yake aliyekomaa na binti hataji mbele ya baba yake. Hakuna anayefundishwa kwa kitabu, unaijua tu, kama unavyojua moto unachoma. Nguo zangu za ndani zilikuwa juu kabisa ya sanduku, kwa sababu Mama alisema zikae juu nizipate upesi nikifika. Mama ndiye angefungua. Mama alikuwa nyumbani.

Baba alinipa mgongo. Hakusema kwa nini, na mimi sikusema asante. Alisimama mlangoni mwa stoo akiangalia barabara, mikono nyuma, na mwenye stoo alipoona hivyo naye akageuka, akajifanya anahesabu magunia. Nikapiga magoti kwenye vumbi la mahindi nikafungua.

"Umetoa nini?" Baba akauliza, bado akiangalia barabara.

"Unga wa wimbi."

"Huo ni wa Nyanya yako. Amesaga kwa mkono. Rudisha."

Nikarudisha. Kwa haraka yangu kitambaa kikafunguka na unga kidogo ukamwagika.

"Sasa?"

"Mboga."

"Ya jirani. Atauliza kila Sabato kama ulikula. Rudisha."

"Jiwe basi! Jiwe ni zito!"

"La kwaya nzima?"

"Baba, basi linaondoka!"

"Si nasikia? Toa kitu ambacho hakina mwenyewe."

Kitu ambacho hakina mwenyewe. Nikaangalia sanduku lote. Kitu ambacho hakikuwa na mwenyewe kilikuwa changu. Nikatoa kamusi yangu, ambayo nilipewa zawadi ya Kiingereza fomu ya tatu. Nikatoa viatu vyangu vya pili. Nikatoa daftari zangu za biolojia nilizofikiri zitanisaidia huko. Nikapima: ishirini na moja na nusu. Nikachukua sweta ya shule nikaivaa. Nikachukua gauni la pili nikalivaa juu ya la kwanza. Vitu vingine nilivyovaa nyuma ya magunia sitaviandika. Juu ya yote nikavaa koti zito ambalo barua ilisema tuwe nalo. Jua la Kisii lilikuwa linapiga bati, na mimi nimevaa kama mtu mwenye homa.

Mshale ukasimama kwenye ishirini.

"Nimemaliza," nikasema.

Baba aligeuka. Aliona lile rundo chini: kamusi, viatu, daftari. Mwenye stoo akamtupia gunia tupu, na Baba akavitia humo kimoja kimoja, kwa uangalifu, kamusi akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Tukakimbia.

Safari ya Nairobi sina la kusema juu yake ila jasho. Tulilala kwa mtu wa kanisa, na kesho yake mchana tukawa uwanja wa ndege, Baba bado ana gunia lake begani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uso. Nilijaribu kuweka uso wa mtu asiyeogopa, lakini huo uso sikuwa nao, na kila karani aliyepita nilifikiri anakuja kuniambia nifungue. Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na Mzungu mmoja, pua imechubuka kwa jua. Mizigo kama yake nilikuwa sijawahi kuiona. Alikuwa na mtungi wa chuma, viatu virefu vya mpira kama miguu ya bata, kioo cha kufunika macho na pua, na mkanda mpana ulioshonewa vipande vya madini ya kijivu. Mchukuzi alipouinua ule mkanda bega lake lilishuka.

Baba alishindwa kuvumilia. "Huyu ni fundi wa nini?" akamuuliza mchukuzi.

"Si fundi, mzee. Ni mtu wa kuzamia. Ametoka Malindi, anazama baharini anaangalia samaki."

"Anawavua?"

"Anawaangalia tu."

Baba alifikiri hilo kidogo. "Na mkanda?"

"Hiyo ni risasi, madini nzito sana. Bila hiyo anaelea kama kizibo. Hiyo ndiyo inamvuta chini."

"Inamvuta chini."

"Ndio, mzee."

"Na sasa anataka kwenda nayo juu."

Mchukuzi akacheka sana. Mimi sikucheka. Nilihisi baridi mgongoni ndani ya magauni mawili, sweta na koti.

Mzigo wa yule mtu ulizidi, tena ulizidi vibaya. Nilisikia karani wa ndege akimtajia kilo, nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, sawa, wanakataa, kuna mtu anaangalia. Yule mtu alibishana kidogo. Alitoa vitabu, akatoa kamera akaivaa shingoni. Bado ulizidi. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikifunga macho nakiona. Alichukua ule mkanda wa risasi, akainua shati, akaufunga kiunoni kwenye ngozi, akashusha shati, akavaa koti juu yake. Karani akaangalia mizani. Akaandika. Akampa karatasi yake. Yule mtu akaondoka akitembea polepole, kama mwanamke anayekaribia kujifungua.

Karani alikuwa ameona. Nilimwona akiona.

Zamu yangu. Baba akaweka sanduku. Mshale ukaenda, ukapita kidogo, ukasimama kwenye ishirini na moja.

"Kilo moja imezidi," karani akasema. "Punguza ama lipia."

Nikamwona Baba akipeleka mkono mfukoni, na nilijua kilichokuwa humo ni nauli ya kumrudisha nyumbani. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu. Mtu akapiga mluzi wa kuchoka. Nikamfikiria Amerika amesimama hapa, mahali hapa labda, na watu nyuma yake, na kila kitu mkononi mwake kina mwenyewe. Sasa nilijua kwa nini alirudi. Hakurudishwa. Alishindwa kuchagua mpaka ndege ikaondoka.

Nikafungua sanduku pale pale. Baba akageuka mara moja, lakini safari hii akigeuka alikuwa anatazamana na foleni nzima, Wazungu na Wahindi na kila mtu. Akafungua koti lake, akalishika pande zote mbili, akalipanua kama mtu anayezuia upepo, na akawatazama watu wote usoni mpaka wakaangalia kwingine. Nikachomoa bakuli la jiwe. Nikaliingiza ndani ya koti langu, chini ya kwapa, nikalibana.

"Sasa ni sawa," karani akasema.

Baba alinipa mkono. Kwetu baba hamkumbatii binti, na mimi nisingeweza hata kama ingekuwa desturi, maana ningeangusha jiwe. Alisema, "Usiogope." Alikuwa ameogopa yeye. Niliondoka na mkono mmoja umebanwa kama wa mtu aliyevunjika, na nilipogeuka mara ya mwisho alikuwa amesimama na gunia begani.

Kiti changu kilikuwa dirishani. Viti viwili mbele niliona nywele za yule mtu wa kuzamia. Alikaa kwa shida, hakuweza kuinama. Mlango ukafungwa, na fizikia yangu yote ikanirudia.

Ndege haijui kama jiwe liko sandukuni au kwapani. Hilo ndilo lililonikaa. Karani amepima sanduku, amepiga hesabu, ameandika ishirini, na hesabu ni ya uongo kwa kilo moja ambayo iko hapa kwenye mbavu zangu. Kilo moja yangu. Labda kumi za yule, na zake ni za kuvuta chini, zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Nikaanza kuomba, lakini nikahisi siwezi kuomba nikiwa nimebana kitu nilichoficha. Nikajua ni lazima niseme. Nikisema nitashushwa, na nafasi yangu itapewa yule msichana wa kwenye orodha. Nisiposema, tutaanguka wote pamoja na watoto waliokuwa wanalia kule nyuma.

Mhudumu mmoja alipita akikagua mikanda. Alikuwa dada Mwafrika, na alinisalimia kwa Kiswahili. Nilimshika mkono wa nguo.

"Dada, nina kosa."

"Kosa gani?"

Nikafungua koti. "Nimebeba kilo moja ambayo haikupimwa."

Aliangalia bakuli, akamwangalia twiga. "Hii tu?"

"Hii tu. Lakini yule pale mbele amefunga risasi ya kuzamia kiunoni. Nilimwona. Kama mnataka kunishusha, nishusheni, lakini na yeye mumshushe."

Nilidhani ataita mtu. Badala yake aliinama karibu na sikio langu, na nikahisi anajizuia kucheka.

"Dada yangu," akasema, "kila mtu humu ndani ana yake. Yule mama mwenye kitambaa ana pasi ya makaa mapajani. Yule mzee ana asali madebe mawili chini ya kiti. Funga mkanda utulie."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Hata mimi."

Akanifunga mkanda mwenyewe, akalipapasa bakuli kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto, akaenda zake.

Alidhani amenituliza. Mimi nilikuwa nimejidhani mwizi mmoja kati ya watu waaminifu, na hewa ingeweza labda kumvumilia mwizi mmoja, au wawili na yule wa risasi. Sasa nikainua kichwa nikaanza kuwahesabu, kiti kwa kiti, safu kwa safu, mtu wa pasi, mtu wa asali, na nikawapa wengine kilo moja moja kwa kukisia. Nilikuwa bado sijafika safu za nyuma wakati injini zilipoanza kupiga kelele, na kitu chote kile kikaanza kukimbia.